Uliza Tukujibu: "Mwanangu anataka kuacha chuo Marekani aingie tenisi ya kulipwa"

SWALI: Mwangaluka ndugu mwandishi. Mimi ni mzazi hapa Buswelu, Mwanza, kijana wangu wa pili alipata skolashipu ya tenisi chuo kimoja Marekani, sasa hivi yuko mwaka wa tatu. Juzi kapiga simu usiku anasema baba mimi mwakani sirudi darasani, naingia pro. Mama yake halali. Wajomba zake wanasema tuuze kiwanja cha Kisesa tumsapoti maana eti tenisi ina hela ndefu, wanamuona Djokovic kwenye TV. Halafu kuna mfanyabiashara mmoja hapa mjini kasikia, anasema atatoa milioni 20 ila anataka asilimia 40 ya kila atakachopata kijana kwa miaka kumi. Naomba ushauri maana nimebaki njia panda. *Baba K, Buswelu*

JIBU: Mwangaluka baba K, na pole kwa simu ya usiku, hizo simu za Marekani huwa zinakuja saa ambayo mtu hujajipanga. Nianze na la haraka: kiwanja cha Kisesa kisiuzwe. Hata wajomba wakija na mnunuzi mkononi, kisiuzwe. Sababu nitazieleza ila hilo lieleweke kwanza nyumbani ili mama apate usingizi.

Sasa hii habari ya kuingia pro. Wengi wetu tunaichukulia kama mpira wa miguu, kwamba kuna timu inakusajili, unasaini, unapewa nyumba na mshahara. Kwenye tenisi hamna anayekusajili. Mtu anajiandikisha mtandaoni kwa ITF, yaani shirikisho la tenisi la dunia, anapewa namba inaitwa IPIN, analipa ada ya mwaka, basi, anaweza kuomba kuingia mashindano ya kulipwa. Inawezekana kabisa kijana wako hiyo namba anayo tayari na likizo zilizopita ameshacheza bila kuwaambia. Kwa hiyo siku akisema naingia pro kinachobadilika ni kitu kimoja tu, nani analipa bili. Leo analipa chuo. Kesho analipa yeye, na yeye akikosa mnalipa nyie.

Na bili zenyewe ndio hapo. Ngazi ya chini kabisa kwa wanaume inaitwa M15, maana yake mfuko mzima wa zawadi wa wiki hiyo ni dola 15,000, wanagawana wote, wa singo (mmoja kwa mmoja) na wa dabo (wawili wawili). Ukishinda mechi zote tano za singo ukawa bingwa unaondoka na dola 2,160, kwa hela yetu milioni tano na ushee hivi. Ukitolewa raundi ya kwanza ni dola 156, laki nne kasoro, hapo bado kodi, na kama mashindano yako Marekani mgeni kwa kawaida anakatwa asilimia 30 kabla hajaishika. Ukianzia mechi za kufuzu ukatolewa huko huko hupati kitu, nauli yako, hoteli yako, chakula chako, asante kwa kushiriki. Upande wa pointi bingwa wa M15 anapata 15 wakati bingwa wa Wimbledon anapata 2,000, na pointi ya wiki hii mwakani wiki kama hii inafutika, kwa hiyo huwezi kukusanya ukakaa ukapumzika.

Nimewahi kukaa Nairobi asubuhi moja naangalia hizo mechi za kufuzu. Hamna refa kwenye kiti, kila mchezaji anaita mwenyewe mipira ya upande wake, wakibishana wanaenda kumtafuta msimamizi koti (uwanja) ya tatu huko. Hamna watoto wa kuokota mipira, mtu akikosa sevu ya kwanza anatembea mwenyewe mpaka kwenye fensi. Kijana mmoja alikuwa kaanika fulana yake juu ya wavu wa fensi ikauke maana mchana ana dabo na hiyo ndio fulana aliyobaki nayo safi, na huyo ukimuuliza kwao ni wa kutajwa, gazeti la kwao limeshamuandika. Hapo ndipo wote wanapoanzia, wajomba waambiwe hivyo, Djokovic wa kwenye TV ni ghorofa ya mwisho wakati lifti haipo.

ITF wenyewe waliwahi kupiga hesabu za mwaka 2013. Wakakuta mchezaji wa kiume anatumia wastani wa dola 38,800 kwa mwaka, tiketi, malazi, chakula, kufunga nyuzi za raketi, mpaka kufua nguo, na hapo kocha hayumo. Na ili zawadi zirudishe gharama tu, bila faida, ilibidi uwe karibu nafasi ya 336 duniani, kwa wanawake 253. Hizo ni bei za zamani, tiketi za ndege za leo unazijua. Kwa kiwango cha hela yetu ni karibu milioni mia moja kwa mwaka. Kiwanja cha Kisesa kingeisha kabla ya Krismasi.

Ni kweli juu kuna hela, sikatai. Tangu 2024 ATP, wasimamizi wa tenisi ya kulipwa ya wanaume, wameanzisha utaratibu wa kuwahakikishia kipato walioko 250 bora, walianza na dola 75,000 kwa wa chini yao na 300,000 kwa mia moja bora. Lakini ona wenyewe inaanzia wapi, nafasi ya 250, chini ya hapo kila mtu na Mungu wake.

Sasa linganisha na alipo. Pale chuoni ana kocha, ana fizio, gym, raketi, nyuzi anafungiwa, ndege ya kwenda mechi anapandishwa, anakula, na juu ya yote anasoma. Ukimweka mchezaji wa M15 mwenye miaka 20 mbele ya hiyo orodha analia machozi. Na sio kwamba ushindani wa chuo ni wa kitoto, miaka ya hivi karibuni nusu ya vijana wanaocheza pale wametoka Ulaya, Amerika Kusini na Afrika na wanapiga mpira vibaya mno. Mechi ya timu kwa timu wanaanza na dabo tatu zinazotoa pointi moja, halafu singo sita, wa kwanza kufika nne kashinda, sasa fikiria imefika tatu kwa tatu, koti moja tu ndio imebaki, vyuo viwili vizima vimezunguka fensi wanapiga kelele na ni wewe unaseva. Presha ile huipati kwenye M15 za Monastir kule Tunisia.

Lakini kijana naye ana hoja na usimkatie simu. Wapo walioondoka mapema wakafanikiwa. Ben Shelton alikaa chuo cha Florida miaka miwili, Mei 2022 akachukua ubingwa wa singo wa NCAA (wasimamizi wa michezo ya vyuo Marekani), Agosti akamfunga Casper Ruud aliyekuwa kwenye kumi bora duniani kule Cincinnati, ndipo akatangaza anaondoka, na hata hapo aliendelea na masomo kwa njia ya mtandao. Mwaka uliofuata kafika robo fainali Australia na nusu fainali US Open. Ukiangalia mpangilio wake utaona alianza kuwafunga watu wa juu kwanza, kuondoka kukafuata. Upande wa pili yupo John Isner, alimaliza miaka yake minne Georgia 2007, kiangazi hicho hicho akapewa nafasi ya bure Washington akafika fainali, miaka minne ya darasani haikumchelewesha chochote. Na Oktoba 2025 wote tumeona, Valentin Vacherot wa Monaco, kasoma chuo cha Texas A&M, akaja Shanghai akiwa wa 204 duniani, akaanzia mechi za kufuzu, akamtoa Djokovic nusu fainali, fainali akakutana na binamu yake Arthur Rinderknech ambaye naye ni wa chuo hicho hicho, akamfunga. Alikuwa na miaka 26 huyo! Kwa hiyo mtoto wa miaka 21 anayesema muda unanipita mwambie taratibu.

Kigezo changu mimi ni hiki na sitakificha. Kama kwenye likizo ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, kijana anaingia M15 na M25 (ngazi inayofuata juu yake) na anafika robo na nusu fainali mara kwa mara, sio mara moja kwa bahati, basi mazungumzo yaanze. Kama bado anatolewa raundi ya kwanza na ya pili, arudi darasani amalize ule mwaka mmoja uliobaki, digrii haimzuii mtu kuseva. Tena akimaliza akiwa kwenye ishirini bora wa rankingi ya vyuo kuna mpango wa ATP unawapa hao nafasi za kuingia Challenger, mashindano ya ngazi ya juu ya hizi M15 na M25, bila kusota miaka miwili huku chini, mtu anaachaje kitu kama hicho mwaka mmoja kabla?

Akicheza likizo atunze risiti zote, za basi, za hoteli, za chakula. Kanuni ya NCAA kwa mwanafunzi kwa kawaida imekuwa ni kwamba anaweza kuchukua zawadi ya kufidia gharama zake halali, inayozidi hapo anaiacha. Hizo kanuni zimekuwa zinasogea tangu mchezaji wa North Carolina, Reese Brantmeier, alipowapeleka mahakamani 2024, kwa hiyo kabla ya kupokea hata dola moja aulize ofisi ya chuo inayoshughulika na kanuni, aulize kwa maandishi, ajibiwe kwa maandishi.

Na sio lazima aende Tunisia au Uturuki kutafuta hayo mashindano. Nairobi wamekuwa wakiandaa ya ITF, na Kigali tangu 2024 wana mpaka Challenger. Mtanzania kuingia Kenya au Rwanda haombi viza. Kutoka Mwanza unapanda gari la Sirari unaunganisha mpaka Nairobi, na njia ya Kigali sasa hivi ni nyepesi maana tangu Juni 2025 lile daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa, hamna tena kulala kwenye foleni ya pantoni, unakwenda Geita mpaka Rusumo. Analala nyumbani, anakula ugali wa mama yake na sato, anafanya mazoezi hapa, wiki ya mashindano anasafiri. Tahadhari moja, Challenger ya Kigali haiingiliki kirahisi bila rankingi, na zile nafasi za bure nchi mwenyeji huwapa watu wake kwanza, kwa hiyo alenge za ITF. Na maombi yanafungwa zaidi ya wiki mbili kabla, asije akajikuta anapanda basi Jumapili kwa mashindano ya Jumatatu ambayo jina lake halimo.

Kuhusu viza ya Marekani, hapa msikilize vizuri. Akimaliza digrii viza ya mwanafunzi inampa siku 60 za kujipanga na anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi cha mwaka mmoja. Akiacha katikati, hata kwa ruhusa ya chuo, ni siku 15 awe ameondoka. Na masharti ya viza kwa Watanzania siku hizi yanabadilika ghafla, kwa hiyo hata kuja likizo huku asikate tiketi kabla hajaongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni, akauliza nikitoka nitarudi?

Nimemuacha mfanyabiashara makusudi. Baba, milioni 20 ni kama dola 8,000, ukirudi kwenye ile hesabu ya juu haifiki hata robo ya gharama za mwaka mmoja, halafu yeye anataka karibu nusu ya kila kitu kwa miaka kumi! Kila kitu maana yake hata akipata kazi ya ukocha, hata kampuni ikimpa viatu. Huo mimi nauita mkopo wa riba uliovishwa jezi. Sisemi mtu mwenyewe ni mbaya, inawezekana hajui tu. Mrudie mwambie hivi: asilimia ihesabiwe kwenye zawadi za mashindano baada ya kutoa gharama, akisharudisha hela yake na faida mtakayokubaliana mkataba unakufa, ukomo uwe miaka mitatu au minne, na ratiba ya mashindano anapanga kijana na kocha wake, sio mdhamini. Akikataa muage vizuri. Kwa hali yoyote kijana asisaini kitu chochote cha namna hiyo wakati bado anachezea chuo, anaweza kupoteza haki ya kucheza pale na skolashipu ikaondoka nayo.

Na kocha wa chuo akiwaandikia, barua zake zitafsiriwe neno kwa neno, ukoo mzima hamkosi mwalimu wa Kiingereza. Yule kocha ndiye anayemuona kijana kila siku, muulize swali moja: leo angeingia M25 angeshinda mechi ngapi? Makocha wa vyuo wanataka wachezaji wao wabaki, hilo ulijue, ila swali la namna hiyo ni gumu kulidanganya.

SWALI: Mimi ni binti wa Pasiansi nipo kidato cha sita nacheza tenisi, nimewahi kuitwa kambi ya vijana. Niende chuo Marekani au niingie pro moja kwa moja? Kocha wangu anasema chuo kinapoteza wachezaji wa kike kwa sababu wanawake wanawahi kukomaa.

JIBU: Mdogo wangu, kocha ana nusu ya ukweli. Wapo wanaokwenda moja kwa moja, jirani zetu Burundi wana Sada Nahimana hakupitia chuo cha Marekani na amepambana akatoka. Lakini angalia wengine. Mayar Sherif wa Misri kasoma chuo cha Pepperdine huko Marekani, akatoka pale 2018, mwaka 2022 akawa Mmisri wa kwanza mwanamke kuchukua taji la WTA (tenisi ya kulipwa ya wanawake), kule Parma, Italia. Danielle Collins alikaa Virginia mpaka akamaliza, akawa bingwa wa vyuo mara mbili, 2014 na 2016, baadaye fainali ya Australian Open 2022. Na wa hapa hapa Afrika Mashariki tunayemjua sote, Angella Okutoyi wa Kenya, kalelewa na bibi yake Nairobi, 2022 akachukua dabo ya wasichana Wimbledon akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mtu mwenye taji la Wimbledon mkononi, tena Mkenya wa kwanza, bado akaona aende chuo cha Auburn, Marekani. Mimi hilo linanitosha.

Ukitaka chuo anza sasa, usisubiri matokeo ya mtihani. Rekodi video ya mechi nzima, sio vipande vya mashuti mazuri tu, makocha wanataka kuona unafanyaje ukiwa nyuma 1-4. Tafuta mechi zinazohesabika kwenye UTR, mfumo wa kupima kiwango cha mchezaji kwa namba, maana ndio namba wanayoangalia kwanza. Waandikie wengi, wengine hawatajibu, usinune. Na ukimaliza shule usikae nyumbani mwaka mzima unacheza mashindano huku unasubiri, NCAA wanahesabu muda tangu umalize sekondari na unaweza kujikuta umepoteza msimu mzima kabla hujagusa koti ya chuo.

SWALI: Kaka hapa Mabatini wanasema kwenye hizo tenisi ndogo watu wanabeti na mchezaji anaweza kuachia seti moja tu akapewa hela kuliko zawadi ya ubingwa. Ni kweli? Kuna ubaya gani kama mechi bado unashinda?

JIBU: Ni kweli watu wanafuatwa, na wanafuatwa hao hao wa dola 156 kwa sababu wanajulikana wana njaa. Ubaya ni kwamba seti moja ni kosa sawa na mechi nzima, hata gemu moja ni kosa, na hata ukikataa ukakaa kimya bila kutoa taarifa kwa ITIA, chombo kinacholinda uadilifu wa tenisi, ni kosa pia. Younes Rachidi wa Morocco alikutwa na makosa 135, kafungiwa maisha 2023. Mchezaji haruhusiwi kuweka mkeka wa tenisi wa aina yoyote, hata wa mechi asiyocheza, hata wa buku. Na ajiandae kisaikolojia, akifungwa mechi ambayo watu wamemuweka kwenye mkeka matusi yatamiminika kwenye simu yake mpaka ya mama yake, afunge hizo meseji kabla ya mashindano kuanza.

SWALI: Nikicheza hapa Mwanza mipira yangu inaingia vizuri, nikienda Nairobi yote inatoka nje. Raketi ni ile ile. Shida nini?

JIBU: Shida ni mwinuko. Hapa ziwani tupo kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nairobi ni karibu 1,700, hewa ni nyepesi mpira unaruka mbali na unadunda juu zaidi. Ongeza mkazo wa nyuzi paundi mbili tatu, punguza kupiga flati, zungusha mpira zaidi ushuke ndani. Fika siku tatu nne kabla ya mechi ya kwanza, na ukifika uliza wanatumia mipira gani maana ipo inayotengenezwa kwa ajili ya miinuko, ununue kopo moja ya aina hiyo hiyo uifanyie mazoezi.